Nasoma ila hakuna kinachoingia: Shangazi anajibu

Toleo lililopita nilitupia kamstari kamoja tu pale chini, kwamba mwenye swali la kusoma vitabu au kupangilia siku yake aandike, nikidhani zitakuja barua tatu nne hivi, kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua tano. Wengi wenu mmeuliza swali moja, Shangazi nitajie kitabu kimoja kitakachobadilisha maisha yangu. Hao siwajibu, hakipo hicho kitabu, kingekuwepo ningeshakisoma na nisingekuwa nadaiwa na muuza samaki mpaka leo.

*

*Shikamoo Shangazi. Mi nina miaka 29, mume wangu 34, watoto wawili, tunakaa Kimara. Mume wangu ni stoo kipa kwenye kampuni fulani. Mwaka jana alianza kusoma vile vitabu vya mafanikio, mwanzo nikafurahi maana zamani alikuwa hakosi mechi hata ya timu asiyoijua, ila sasa nimechoka. Anaamka saa kumi alfajiri anawasha taa anasimama mbele ya kioo anajisemesha "mimi ni tajiri, mimi ni tajiri", mtoto mdogo anaamka analia, mi ndo nabembeleza. Mama yake aliomba hela ya dawa ya presha akaambiwa ana fikra za kimaskini. Marafiki kawakata wote eti wanamvuta chini. Sasa hivi anataka kuacha kazi kwasababu kitabu kimesema mshahara ni utumwa. Nikiongea naambiwa we husomi ndo maana huelewi. Je na mimi nianze kusoma ili niweze kubishana nae?*

*Mke wa tajiri mtarajiwa, Dar*

Marahaba mwanangu. Pole kwanza ya usingizi, maana hapo naona anayeumia ni wewe na huyo mtoto.

Mumeo anasema anasoma vitabu vingi. Mi nadhani kasoma kitabu kimoja mara kumi na tano, kila mara na jalada jipya. Hivi vitabu vya hamasa vingi vimetafsiriwa au vimeigwa kutoka Marekani, na ukivisoma vizuri utaona vinaongea na mtu ambaye mshahara wake ni wake peke yake, akiukosa anarudi kwa wazazi na wazazi wana pensheni zao. Mshahara wa stoo kipa wa Kimara una watu ndani yake, una mama na presha yake, una wadogo, una kodi ya nyumba, una ada. Sasa mtu akichukua ushauri wa yule akauvaa hivyo hivyo bila kupunguza mikono ndo anafikia kumwambia mama mzazi ana fikra za kimaskini, na huyo mama ndo alimnunulia daftari la kwanza la kujifunza a e i o u.

Kuhusu mshahara kuwa utumwa, mwambie hivi kwa upole wakati ameshiba. Shaaban Robert, huyu tunayemsoma mashuleni kila mwaka, aliingia kazi ya ukarani wa forodha 1926 akakaa humo mpaka 1944, na baada ya hapo akaendelea na kazi nyingine za serikali karibu mpaka uzeeni. Aliajiriwa, alihamishwa huku na huko kama mtumishi yeyote, na bado akaacha vitabu zaidi ya 20 vya mashairi, riwaya na insha. Sisemi mumeo asiache kazi kamwe, labda ana wazo zuri la biashara, mi sijui. Nasema akae na daftari aandike kwa mkono wake kodi, chakula, ada, dawa za mama, nauli, kwa miezi sita, ajumlishe, halafu aandike hela aliyonayo. Daftari likikubali aache. Watu wengi wanaosoma habari za utajiri hawajawahi hata siku moja kuandika matumizi ya nyumba yao, yaani hapo ndo huwa nashangaa.

Saa kumi alfajiri sina ugomvi nayo, bibi zetu waliamka saa hiyo kutwanga. Lakini walilala saa mbili. Mumeo kama analala saa tano anaamka saa kumi hayo ni masaa matano, na mtu mzima anahitaji saba au zaidi, ndo maana nashuku huo ukali anaowajibia watu nusu yake ni usingizi tu. Na kioo kipo bafuni, ahamie huko na utajiri wake mtoto alale.

Kubishana nae hapana. Mletee kitabu cha hadithi. Riwaya, kitu chenye watu ndani, mzee bahili, mke aliyeachwa, kijana aliyerudi kijijini. Kitabu cha hamasa kinakuongelea wewe tu, wewe, wewe, mwanzo mpaka mwisho, ila riwaya inakulazimisha ukae kichwani kwa mtu mwingine kurasa 200 umsikilize hata kama humpendi. Mwombe akusomee kurasa mbili tatu jioni wewe ukichambua mchele, usimsahihishe, mwache asome. Na hela ya dawa ya mama, siku hiyo msitume kwenye simu. Aende mwenyewe duka la dawa, apeleke kwa mkono, akae anywe na chai.

*

*Shangazi mambo. Niko chuo Dodoma mwaka wa pili. Wenzangu wanaposti wamesoma vitabu 50 kwa mwaka, mimi mwaka huu nimemaliza vitatu tu najiona mzembe. Nipe mbinu za kusoma haraka. Halafu vitabu ni bei mbaya.*

*Mwanachuo mzembe*

Poa. Vitatu gani? Hukunitajia, na hapo ndo penye swali langu. Kama unaweza kunikalisha chini ukanisimulia hivyo vitatu, nani alifanya nini, wapi ulikasirika, wapi ulilala, basi we si mzembe. Wengine hao wa 50 ukiwauliza kitabu cha kumi kilihusu nini wanakwambia "kilikuwa kizuri sana".

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kurasa 10 kwa siku kwa mwaka ni 3,650, kitabu cha kurasa 200 hapo unapata kama 18, na kurasa 10 ni ule muda unaosubiri maharage ya kantini yaive. Kusoma haraka kakufanyie kwenye matangazo ya kazi. Mimi Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel 2021, ilitoka kwa Kiingereza 1994 na Kiswahili chake tukakipata 2022, nimeisoma wiki sita. Wiki sita! Kuna kurasa nilikuwa narudia kwasababu tu zinanukia kama nyumba ya bibi. Nikiulizwa mwaka ule ulisoma vitabu vingapi sikumbuki, ila hicho nakikumbuka mpaka na kochi nililokalia.

Bei ni kweli. Lakini mwanangu maktaba ya mkoa ulishaingia lini mara ya mwisho? Ile Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar ipo tangu 1967, mikoani pia zipo, na kila nikipita naona vijana wamejaa humo wote wanasoma mitihani, rafu ya riwaya haina mtu kama duka siku ya Idi. Ukienda Nairobi kuna wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini kabisa pembeni ya barabara, wenyewe wanaita inama bookshop, maana bila kuinama hununui. Dar nako pembezoni mwa barabara za mjini wapo. Pia kopeshaneni. Kitabu kimoja watu wanne bwenini, mwenye nacho anaandika majina kwenye ukurasa wa mwisho ili kisipotee, kitapotea lakini angalau mtajua kimepotelea kwa nani.

*

*Shangazi shikamoo. Hii barua kaniandikia kijana wangu wa gereji mi nasema yeye anaandika. Nina miaka 43, fundi magari Morogoro, nilimaliza la saba 1997 basi. Kusoma najua ila kwa shida sana. Nikisoma mistari minne mitano herufi zinaanza kucheza, kichwa kinauma, jioni ndo mbaya zaidi, mchana nje kwenye jua afadhali. Meseji ya simu naisoma kwa kuisogeza mbali. Binti yangu yuko la tatu anasoma kunishinda, akiniletea homuweki namwambia kamuulize mama. Mwaka huu wamenichagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, siku ya kwanza wakanipa katiba nisome mbele ya watu nikasema nimesahau miwani nyumbani, akasoma katibu. Shangazi mi miwani sijawahi kuwa nayo. Nilisikia aibu mpaka leo. Nataka kujiendeleza ila nahisi umri umeenda na kichwa changu kizito.*

*Fundi*

Marahaba mdogo wangu, na msalimie huyo kijana, ana mwandiko mzuri.

Barua yako niliisoma nikaanza kuandika jibu refu la kukutia moyo, nusu ukurasa mzima, halafu nikarudi juu nikasoma tena, pale uliposema meseji unasoma kwa kuisogeza mbali na juani ni afadhali. Nikafuta nilichoandika chote. We uliwadanganya wanachama umesahau miwani, mi naona ulisema ukweli bila kujua. Unahitaji miwani.

Iko hivi. Jicho lina lenzi ndani, ukiwa kijana hiyo lenzi ni laini inajikunja yenyewe ukitazama karibu na inajinyoosha ukitazama mbali. Ukigonga arobaini inaanza kukakamaa, kwa kila mtu, mwenye digrii na asiye nayo, ni kama mpira wa gari tu, unajua mwenyewe mpira unavyokakamaa na umri hata kama gari halitembei. Ndo unaanza kusogeza karatasi mbali, unatafuta mwanga, ukilazimisha kichwa kinauma na herufi zinaogelea. Jua linasaidia kwasababu mwanga mkali unaibana mboni inakuwa ndogo na picha inakaa sawa kidogo. Jioni gereji ina balbu moja, hapo lazima ushindwe. Mbona magari huyashindwi? Kwasababu injini unaisoma kwa sikio na kwa vidole.

Kwa hiyo kabla hujajiita kichwa kizito nenda kapime macho hospitali, usinunue kwanza ile miwani ya barabarani ya kujaribisha kwenye gazeti. Mara nyingine inasaidia kweli, ila macho mawili yanaweza kutofautiana, na kuna presha ya macho ambayo inaanza bila maumivu wala dalili, mtu anakuja kushtuka jicho limeshakula hasara. Ukipimwa wanaangalia na hiyo. Na mwombe daktari ya kusomea, mwambie kazi yako ni kuinama kwenye injini pia, apime na umbali huo.

Sasa miwani haitakufanya usome mbio kesho yake, kuna na kutu. Toka 1997 umesoma nini zaidi ya maboksi ya spea na namba za gari? Kutu inatoka kwa kusugua kidogo kidogo. Na hapa nina ushahidi wa nyumbani.

Mama yangu alikuwa ngumbaru. Wadogo hamlijui hili neno, ndo walikuwa wanaitwa hivyo watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma, ile mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Halafu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, mi nilikuwa na miaka tisa kijijini kwetu Muheza. Kila wiki wanakaa kikundi chini ya mti, redio moja katikati, wanasikiliza kipindi, wakimaliza mwenye kujua kidogo anasoma kijitabu kwa sauti, wengine wanafuatisha kwa kidole, halafu wanajadiliana, maji, malaria, choo. Nchi nzima walishiriki karibu watu milioni 2. Na wakitoka hapo wanaenda kuchimba choo kweli, si habari ya kupiga picha. Mama alikuwa mzito kusoma kuliko wenzake wote, anakaa nyuma. Alipoanza kushika akawa anasoma kila kitu, gunia la sukari, kopo la mafuta ya taa, anatuchelewesha njiani. Siku moja akaitoa kanga yake sandukuni, baba alimletea zamani kutoka mjini na baba naye alikuwa hasomi, wote waliipendea rangi. Akaisoma kwa kidole. SEMENI MCHOKE. Na hiyo kanga aliivaa miaka mingapi akienda nayo kwa mama mkwe! Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, kumbe ndo maana yule bibi alikuwa hanikaribishi chakula.

Kwa hiyo we fanya hivi. Hiyo katiba ya kikundi iombe kwa katibu ukae nayo, katiba za vikundi hazifiki hata kurasa kumi. Asubuhi ukifungua gereji kabla vijana hawajaja na kabla mikono haijagusa grisi, soma nusu ukurasa kwa sauti, nje kwenye mwanga. Nusu tu. Kesho rudia ile ile na uongeze kidogo. Mwezi ukiisha utakuwa unaijua kuliko katibu, na nakuhakikishia humo ndani kuna kifungu kuhusu faini ambacho hamjawahi kukifuata.

Na binti yako. Usimwambie tena kamuulize mama. Mwambie, baba anataka kusoma na wewe, wewe ukurasa huu mimi ule. Kitabu cha la tatu kina herufi kubwa na sentensi fupi, kinakufaa kabisa na hakuna atakayejua kuwa anayejifunza ni wewe, labda yeye mwenyewe, na watoto hawana neno, atakusahihisha kwa furaha sana mpaka utakasirika. Ukitaka kwenda mbele zaidi, cheti kabisa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu kwa waliomaliza la saba, ulizia pale mkoani. Lakini macho kwanza.

*

*Shangazi habari. Mimi ni mwanadada wa Rongai, nafanya kazi town Nairobi. Na jam yetu unaijua, niko kwa matatu karibu masaa mawili asubuhi na jioni tena. Nilisema huu mwaka nitatumia hiyo time kusoma lakini nikifungua kitabu dakika tano tu nasikia kutapika, na muziki iko juu, na konda anapiga bati. Rafiki yangu anasema hicho ni kisingizio cha uvivu.*

*Msafiri wa Rongai*

Nzuri mwanangu. Rafiki yako hajui. Macho yakitazama ukurasa yanaripoti kwamba umetulia, ndani ya sikio kuna kitu kinachopima mwendo nacho kinaripoti unarushwa rushwa, ubongo ukipata ripoti mbili zinazopingana unachafukwa na tumbo. Hata mabaharia inawapata. Tazama mbali nje ya dirisha, kaa mbele ikiwezekana, na kitabu weka kwenye mkoba.

Kuna vitabu vya kusikiliza kwenye simu, na kwa muziki wa matatu za Rongai sijui utasikia nini, jaribu. Ila mi nina wazo lingine ambalo hutalipenda. Safari ya asubuhi usifanye chochote. Kaa tu. Tazama watu, hesabu miti iliyobaki, sikiliza mbishano wa konda na yule mama wa chenji. Tumefika mahali mtu akikaa dakika kumi bila kushika kitu anajiona anaiba. Bibi zetu walikuwa wanakaa barazani jioni mikono mapajani, ukimuuliza unafanya nini anakwambia nimekaa, na hilo lilikuwa jibu kamili. Kusoma kwako kuhamishie ofisini, fika, kunywa chai yako, kurasa tano kabla hujafungua kompyuta. Ukifika umeshachelewa basi saa ya lanchi.

*

*Assalaam alaykum Shangazi. Niko Muscat mwaka wa pili sasa, kazi za ndani. Bosi wangu ni bibi wa makamo, amezaliwa Unguja, Kiswahili anaongea, si mbaya. Napata mapumziko saa moja baada ya adhuhuri na usiku kuanzia saa nne. Nikiingia chumbani nashika simu nasema dakika kumi tu, nikishtuka saa nane za usiku, macho mekundu, asubuhi nasinzia jikoni. Nimepakua vitabu vya PDF 60 sijamaliza hata kimoja. Binti yangu ana miaka 9 yuko Singida kwa mama yangu. Nataka nikirudi niwe mtu mwingine sio nirudi na mabegi tu.*

*Mama wa Singida, Muscat*

Waalaykum salaam binti yangu. Hili la simu usilichukulie kwamba ni udhaifu wako. Hiyo simu ndo mtoto wako, ndo mama yako, ndo sauti ya nyumbani, ukiishika huwezi kuiachia kwasababu ukiiachia unabaki peke yako chumbani nchi ya watu. Watu wakikushauri "zima simu usome" hawajakaa kwenye hicho chumba.

Kwa hiyo usiizime, igawe. Kuongea na nyumbani ni lako, chukua lote. Kinachokula usiku ni zile video zinazokuja zenyewe moja baada ya nyingine. Hizo programu zizime arifa zote, na ikiwezekana ziondoe kabisa siku za kazi uzirudishe siku ya mapumziko. Nunua saa ya kengele ya mezani, ya bei ndogo, ili simu isiwe ndo inayokuamsha, halafu chaja iweke mbali na kitanda, mahali ambapo lazima unyanyuke. Uvivu wa kunyanyuka utakusaidia kuliko nia njema.

Zile PDF 60 futa 59. Kwanza nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ni za wizi, mwandishi hajapata hata senti, mi nimeandika hapa miaka mingi najua inavyouma. Pili vitabu 60 kwenye simu ni kama kabati limejaa nguo halafu unasema huna cha kuvaa.

Sasa jambo lenyewe nililotaka kukwambia. Kitabu kimoja, kifupi, cha watoto wakubwa, mama yako anunue nakala Singida na wewe upate yako huko, hata kama ni kwa mtu anayekuja. Usiku kwenu saa tatu kule ni saa mbili, ila wewe unatoka kazini saa nne ambayo kule ni saa tatu, mtoto pengine keshalala. Haina shida. Yeye jioni anakusomea ukurasa mmoja kwa ujumbe wa sauti, wewe ukiingia chumbani unausikiliza, unamjibu kwa kusoma ukurasa unaofuata. Asubuhi akiamka anakukuta. Mkikosea somo mcheke. Kitabu kama kina kurasa 80 mtakimaliza chini ya miezi miwili, na hapo mtoto amekusikia kila siku ukisoma, na wewe umesikia anavyokua, maana sauti inabadilika.

La pili, daftari. La karatasi. Hiyo saa moja ya mchana usisome, mwili umechoka utalala na kitabu usoni. Andika mistari mitatu minne, umejifunza nini leo, bibi kakusimulia nini, chakula gani, neno gani jipya la Kiarabu. Na huyo bibi mwenye nyumba mchokoze siku moja mkiwa mnachambua mchele, muulize Unguja aliyozaliwa ilikuwaje, shule gani, mitaa gani, waliondoka vipi. Akikubali kusimulia hiyo ni maktaba, na haina bando. Asipotaka usimlazimishe, wengine hayo mambo yanauma.

Miaka ya 1850 huko visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, kulikuwa na mama anaitwa Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mgonjwa na alijua hatakaa sana na binti yake. Akamwita asogee karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi mzima wa mausia, namna ya kuishi na watu, kumcha Mungu, nyumba, mume. Mengine humo mi siyakubali na nadhani hata wewe hutayakubali, ila wanawake wa pwani waliuhifadhi kichwani vizazi na vizazi, na sisi tunausoma mpaka leo. Yeye alikuwa anaondoka duniani, wewe umeondoka Singida tu na utarudi, lakini ule mkono wa kuandika kwa ajili ya binti ni ule ule.

Kitabu mtakachoanza nacho niandikie jina lake, nina wajukuu. Ya kwenye daftari usinitumie, hayo ni ya mtoto.